Kome wa Mwamba Mweusi

Jumamosi ilikuwa siku ya kome, na Lupando nzima ilikuwa majini mpaka magotini. Wanaume walikwangua mawe kwa majembe yaliyokwisha makali, wanawake walizoa kwa ungo na kutia kwenye magunia, na kila mwenye viatu vya mpira aliwaringia wasiokuwa navyo, maana kome wale walikata nyayo kama vigae. Mchanga ulikuwa umeanza kuonekana tena kwa upana wa viwanja viwili vya mpira. Kwingine kote ufukwe ulikuwa mweusi tii, kome juu ya kome, na wimbi liliporudi nyuma walijifunga wote kwa pamoja, kek, sauti iliyotembea kutoka mwisho mmoja wa ufukwe hadi mwingine. Wageni wakiisikia walicheka. Wenyeji walikuwa wameacha kucheka zamani.

Subilaga hakuwa majini. Kazi yake ilikuwa chini ya turubai, penye kisomeo, mashine ya kusomea magamba.

Kome hao hawakuja ziwani wenyewe. Enzi zile baruti za wavuvi haramu zilipokuwa zikipasua maji usiku na mchana, watu wa Mradi wa kulinda samaki walileta kome waliotengenezwa maabara. Kome yeyote hujenga gamba lake kidogo kidogo, utando juu ya utando, siku baada ya siku. Hawa nao walijenga hivyo hivyo, ila chembe za chokaa katika gamba zilijipanga kwa kufuata mtikisiko wa maji. Baruti ikilipuka, imeandikwa. Unalikata gamba, unalipitisha kwenye mwanga wa kisomeo, na siku ile inarudi masikioni kama ilivyokuwa. Watu wa Mradi waliapa kwamba kome hao hawazai. Walizaa kwa bidii ambayo hata panya angeionea wivu. Baruti zikaisha, na usipa, dagaa wa ziwa hilo, nao wakaisha, kwa kuwa chakula cha vifaranga vyao kililiwa chote na kome. Mradi ukafunga ofisi ukaenda zake, ukaacha sheria moja tu: lundo lolote lisichomwe kuwa chokaa kabla gamba moja halijasomwa, kwa sababu kesi za baruti zilikuwa bado mahakamani.

Kwa muda mrefu Subilaga hakuwa amesikia mlipuko hata mmoja. Alichosikia ni watu. Kome hawakushika maneno vizuri, lakini walishika vishindo: nguo zikipigwa juu ya mawe, pondo ya mtumbwi ikigusa chini, watoto wakiruka majini. Mwaka jana alimsikia mzee Kajigili, aliyekwisha kuzikwa, akigonga kiko chake kwenye ubao wa mtumbwi. Alizima mashine akaenda kukaa juani, na siku nzima hakupata joto.

"Dada Subi, nimekuletea mababu," alisema Asegelile, akitua gunia. Alikuwa fundi baiskeli, baba wa mapacha, mtu wa maneno mengi. "Hawa wa Mwamba Mweusi. Wasomee taratibu, wasije wakakulaani."

"Wamebaki wengi?"

"Mwamba mzima umevaa koti. Narudi kuchukua mzigo wa pili kabla upepo haujachachamaa."

Mwamba Mweusi ulikuwa nyuma ya rasi, pale milima inapoingia ziwani bila kuacha hata njia ya mbuzi. Jabali limeuinamia kama paa la kibanda, kwa hiyo hauonekani kutoka juu wala kutoka kijijini. Huwezi kufika huko ila kwa mtumbwi, na zamani hakuna aliyekuwa na sababu ya kufika. Sasa sababu ilikuwa kome wenyewe, maana wale wa mwambani ndio waliokuwa wakongwe, na mbegu yao ndiyo iliyoujaza ufukwe upya kila mvua zilipopita.

Subilaga alichagua gamba kubwa kama kiganja, akalikata, akaliweka mwangani. Tando zilikuwa nyingi mno, akaanzia katikati kwa uvivu tu. Mawimbi. Injini ya mbali. Mawimbi tena. Kisha kila kitu kikanyamaza.

Ukimya ule aliutambua mara moja. Ziwa halikosi pondo, halikosi mfuaji, halikosi mtoto. Lilinyamaza namna ile pale tu lilipofungwa, na katika umri wote wa gamba lile Lupando ilikuwa imelifunga ziwa mara moja.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Ziwa likimchukua mtu, mama wa aliyepotea hushuka ufukweni akafunika chungu kipya mchangani, mdomo chini. Mwanamke aliyefunika chungu mara ya mwisho kabla yake huja kukaa kando yake, awe mlinzi. Tangu hapo mpaka jua la tatu lizame, hakuna mtumbwi, hakuna wavu, hakuna kufua. Ziwa linaachwa limrudishe mtu wake lenyewe. Haikuzuka kwa upumbavu. Hapo kale mitumbwi mitatu ilitoka kumtafuta mmoja katika mwera, upepo mkali wa kusini, na yote minne haikurudi. Waliobaki wakasema basi.

Miaka sita iliyopita aliyefunika chungu alikuwa mama yake Subilaga. Aliyepotea alikuwa kaka yake, Lwitiko. Mtumbwi wake ulionekana umepinduka, na mwili haukupatikana.

Ndani ya ukimya ule, kisomeo kikatoa sauti ndogo.

Ko-ko. Ko.

Subilaga alidhani ni kasoro ya mwanga. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ko-ko. Ko. Halafu kimya, kirefu cha kutosha mtu kuvuta pumzi na kusubiri. Halafu tena, ko-ko, ko, jiwe juu ya jiwe.

Namna hiyo ya kugonga aliijua. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na watoto wake wote wawili walikulia kwenye tanuri. Vyungu vikishapoa, kazi ya mtoto ilikuwa kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, mara mbili haraka na mara moja polepole, wakati mama yuko mbali kwenye udongo wake, hageuki hata kutazama. Sikio lake lilitosha. Chungu kikilia vizuri alisema, "Nimesikia," na mtoto akapita kwenye kingine. Asiposema, ulirudia. Amri ilikuwa moja: usiondoke mpaka nikujibu. Hakuna mtu mwingine Lupando aliyegonga namna ile.

Alisikiliza mpaka mwisho, akivusha mwanga mbele pale ukimya ulipozidi, ingawa kila kiungo mwilini kilimwambia azime. Siku ya kwanza mapigo yalikuwa na nguvu. Siku ya pili yalilegea, na nafasi kati yao ikawa ndefu. Jioni ya siku ile ya pili yalisikika mawili ya haraka, ko-ko, na lile la tatu halikuja. Siku iliyofuata palikuwa na maji matupu. Kisha, baada ya jua kuzama, mitumbwi ilisukumwa ziwani kwa kelele na vishindo, kijiji kizima kikienda kumtafuta.

Walikuwa wamenyamaza kwa heshima yake, na huo ukimya ndio uliofanya gamba limsikie waziwazi.

*

Upepo wa mwera ulishuka kabla ya chakula cha mchana. Ulikuja kama kawaida yake, bila kubisha hodi, na kufumba na kufumbua ziwa zima lilikuwa jeupe. Waliokuwa majini walikimbilia juu na magunia yao. Jua lilipoanza kuinama, mtumbwi wa Asegelile uliletwa ufukweni na mawimbi, tumbo juu, peke yake.

Ndege ya wilaya isiyo na rubani ilipita juu ya rasi, ikazunguka, ikarudi na picha za povu. Ilikuwa imepita hivyo hivyo miaka sita iliyopita. Nani angeona kitu chini ya paa la jiwe?

Mama yake Asegelile, Bi Syabumi, alishuka ufukweni akishikwa kwapani na wanawake wawili. Hakulia. Alifunika chungu mchangani, akakaa. Na mama yake Subilaga, ambaye mpaka leo watu walimwita Mama Lwitiko, alikunja khanga yake akakaa upande wa pili wa chungu, kwenye nafasi ya mlinzi. Kelele zote za kijiji zikakatika. Kome wakajifunga, kek, na baada ya hapo palibaki upepo tu.

Subilaga alimkuta Mwenyekiti Ambokile akifunika magunia. Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kazi ya kome, mtu mnene, mwenye huruma, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Subilaga alimsikilizisha gamba. Ambokile alivua kofia akaishika kifuani mpaka sauti ilipokwisha.

"Nani mwingine amesikia hii?"

"Wewe tu, baba."

"Basi tuishie hapo, mwanangu."

"Asegelile alikuwa anatoka mwambani. Huenda yuko pale pale alipokuwa Lwitiko. Toeni mtumbwi mmoja tu."

"Chungu kimefunikwa. Hata nikiamuru, hakuna atakayegusa kasia. Wewe mwenyewe unalijua hilo."

Alilijua, kwa sababu alikuwa ameshazunguka. Wanaume watatu aliowaomba walimtazama kana kwamba amewaambia wamvue marehemu sanda.

"Mlinzi anaweza kukifunua," alisema.

"Mlinzi ni mama yako." Ambokile aliketi juu ya gunia, na magamba yakalia chini yake. "Hebu fikiri, Subi. Mwanamke yule amekaa miaka sita akiamini mtoto wake alizama mara moja, akafa bila kujua. Imani hiyo ndiyo inayompa usingizi. Wewe uende umwambie kwamba mtoto alikuwa hai, anamgongea, na yeye kwa mkono wake ndiye aliyezuia mitumbwi? Kuna mtu atabaki hapo?"

"Na Asegelile?"

"Asegelile labda yuko chini ya maji sasa hivi. Utakuwa umemvunja mama yako bure. Na watakaokwenda na upepo huu, wakizama, watakuwa wa nani?" Alirudisha kofia kichwani. "Likate vipande hilo gamba, ulitie motoni. Mimi sijasikia kitu."

Alimpenda mzee yule kwa wema wake, na kwa dakika moja alimchukia kwa wema huo huo. Kibaya zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo hata neno moja.

*

Hakulala. Kulipopambazuka alishuka na kisomeo begani, gamba likiwa kwenye fundo la khanga. Upepo ulikuwa umepungua, ila mawimbi yalikuwa bado na hasira. Kila alipokanyaga changarawe alihisi magamba chini yake yanasikiliza, yakiandika nyayo za binti anayekwenda kumwua mama yake. Alisimama njiani. Kama angegeuka, mama angeendelea kuuza vyungu, kutania wateja na kuzeeka kwa amani. Na yeye, Subilaga, kila akipita kwa Asegelile na kuwaona mapacha, angejua. Hakuna aliyekuwa anamshika mkono wala kumsukuma. Akaendelea.

Wanawake wale wawili walikuwa wamekaa vile vile, chungu katikati yao.

"Umeamka na sura ya mdaiwa," mama alisema. "Umekula?"

"Mama, nina kitu cha kukusikilizisha."

"Mbele ya chungu? Mashine yako ya mizimu?"

"Mbele ya chungu, ndiyo. Na Bi Syabumi asikie, inamhusu." Alipiga magoti mchangani. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yote yalimkimbia. "Mama, nisamehe. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata."

Akawasha.

Ko-ko. Ko.

Mama aliinua kichwa, upesi, kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya pili. Midomo yake ilifunguka. Kisha akaifunga.

Ko-ko. Ko.

"Hii imetoka wapi?"

"Mwamba Mweusi."

"Lini?"

Subilaga alimwacha asikie ule ukimya uliozunguka mapigo. Mama alikuwa na sikio lililojua chungu chenye ufa kutoka ng'ambo ya uwanja. Alisikia kwamba hapakuwa na mfuaji, hapakuwa na pondo. Aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya chungu, akauondoa polepole, akauweka mapajani.

"Alikuwa mzima," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jioni ya siku ya pili."

Bi Syabumi alikuwa ameanza kuelewa. Alimshika Mama Lwitiko mkono wa nguo, hakumwachia.

Mama hakulia. Uso wake ulikuwa umekauka kama udongo ulioachwa juani kabla ya kufinyangwa. Alisimama kwa shida, akakamata chungu kwa mikono miwili, akakigeuza. Mdomo ukatazama juu. Kisha akapaza sauti ambayo Subilaga hakuwa ameisikia tangu utotoni, sauti ya kuita watoto walio mbali.

"Ambokile! Sukumeni mitumbwi. Mwamba Mweusi, chini ya jabali. Ziwa liko wazi, nimelifungua mimi."

Watu walitoka nje wakasimama. Hakuna aliyesogea.

"Mnasubiri nini?" mama aliuliza, safari hii bila kupaza sauti. "Mnasubiri aache kugonga?"

Ambokile ndiye aliyetangulia majini. Wengine walimfuata.

*

Walimkuta Asegelile kwenye ufa wa mwamba, mguu umevunjika, mikono imechanika kwa kome aliowang'ang'ania usiku mzima. Alikuwa hawezi kuzungumza. Kwa mtu yule, walisema wapiga makasia, hilo peke yake lilionyesha hali yake. Alipofikishwa ufukweni, mapacha wakapandishwa juu ya machela pamoja naye, na Lupando ikapata vigelegele vyake. Bi Syabumi alimtafuta Mama Lwitiko katika lile kundi ili apige magoti mbele yake. Mama alikuwa ameshaondoka.

Subilaga alimkuta nyumbani, kwenye uwanja wa vyungu, ameketi na bonge la udongo mapajani. Hakuwa anafinyanga. Aliketi nalo tu. Vyungu vya wiki ile vilikuwa vimepangwa ukutani, vimepoa, bado havijagongwa.

"Amepona," Subilaga alisema. "Wanasema mguu utaunga."

"Nimesikia vigelegele."

"Mama, kama unataka kunilaumu..."

"Nikulaumu kwa lipi? Ulisikia, ukaja." Mama alifuta vidole kwenye khanga, kimoja kimoja. "Kile kidude umekuja nacho?"

"Kiko hapa. Lakini umeshasikia, mama. Usijitese."

"Asubuhi nilisikia kwa ajili ya mtoto wa Syabumi. Huyu wangu bado sijamsikia. Weka."

Subilaga alikiweka chini, kati ya vyungu, akatia gamba. Alitamani awe mahali popote pengine duniani. Mwanga ulipita kwenye tando za siku za kawaida, pondo na mawimbi, kisha ukafika penye ukimya.

Ko-ko. Ko.

"Nimesikia," mama alisema.

Alisema kwa sauti ile ile ya kazini, akitazama udongo wake. Subilaga alijiziba mdomo.

Ko-ko. Ko.

"Nimesikia."

Wakaenda hivyo. Jua lilisogea uwanjani, kuku wakapita, jirani alichungulia getini akaondoka kwa ncha za vidole. Kila mara mwamba ulipogonga, mama alijibu, wala hakuchelewa hata mara moja. Mapigo yalipoanza kulegea aliuweka udongo pembeni, akainama, sikio karibu na kisomeo. Nafasi zilizidi kuwa ndefu. Katika nafasi hizo hakupumua.

Ko-ko.

Mama alisubiri. Kisomeo kilitoa maji matupu, na maji, na maji. Subilaga alinyoosha mkono ili azime kabla sauti ya mitumbwi haijaanza, lakini mama aliwahi kuunyoosha wake upande mwingine, kwenye chungu kilichokuwa karibu naye. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, polepole.

Chungu kililia vizuri.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Unaweza kwenda."